Intel Ilivyopitwa na Chipu ya Wasio na Kitu

Mwezi Januari 2013 Safaricom ilizindua jijini Nairobi simu iliyoitwa Yolo. Iliuzwa shilingi 10,999 za Kenya, kioo chake kilikuwa cha inchi tatu na nusu, na kwa kuitazama tu usingeitofautisha na simu nyingine za Android zilizokuwa zikimiminika madukani. Habari yake ilikuwa ndani. Iliendeshwa na Atom Z2420, chipu ya Intel, na ikatangazwa kuwa simu janja ya kwanza barani Afrika yenye chipu ya kampuni hiyo. Wakati huo Intel ndiyo iliyoongoza duniani kwa mauzo ya chipu. Kompyuta nyingi za ofisini, za mezani kwa za mapajani, zilikuwa na kibandiko chake.

Hapo ndipo palipokuwa na ajabu: tajiri wa mji alikuwa anabisha hodi kama mgeni. Wakenya walikuwa na simu miaka mingi kabla ya hapo, na karibu zote, tangu mulika mwizi ya Nokia mpaka Ideos ya Huawei iliyoingia mapema 2011 kwa bei isiyofika dola 100, zilibeba chipu za ukoo mwingine, ukoo wa ARM. Ukoo huo ulizaliwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni iliyouzia shule kompyuta na iliyokuwa inaelekea kufilisika. Walioubuni hawakuwa na simu akilini hata kidogo.

Kampuni yenyewe ni Acorn. Ilianzishwa mwishoni mwa 1978 na Hermann Hauser, mwanafizikia kutoka Austria, pamoja na Chris Curry, aliyewahi kufanya kazi na Clive Sinclair, yule mfanyabiashara maarufu wa vikokotoo na kompyuta za bei nafuu. Mwaka 1981 shirika la utangazaji la BBC lilikuwa linatafuta kompyuta ya kuambatana na vipindi vyake vya televisheni vya kuwafundisha Waingereza teknolojia hiyo. Acorn haikuwa na mashine ya kuonyesha. Hauser akampigia simu Sophie Wilson, mhandisi wake kijana, akamwambia kwamba Steve Furber anaona mashine inaweza kuundwa ndani ya wiki moja. Kisha akampigia Furber, akamwambia kwamba Wilson ndiye anayeona hivyo. Kila mmoja akaona haya kumwangusha mwenzake, na kufika Ijumaa mashine ilikuwa inafanya kazi. BBC ilikadiria kwamba zingeuzwa kama 12,000. Ziliuzwa zaidi ya milioni moja na nusu.

Ilipofika 1983 mashine hiyo, BBC Micro, ilikuwa imeanza kuzeeka. Prosesa yake, 6502, ilikuwa ya biti 8, na Acorn ikaanza kutafuta mrithi. Wilson na Furber wakazipima zilizokuwa sokoni, zikiwemo 68000 ya Motorola na 32016 ya National Semiconductor, na hawakuridhika. Walikuwa wamekwisha kutambua kwamba kasi ya kompyuta inategemea sana jinsi prosesa inavyochota data kwenye kumbukumbu, na chipu zile za bei kubwa ziliiacha kumbukumbu ikikaa bure muda mwingi. Tena zilikuwa na amri ndefu, tata, na prosesa ikishaanza kutekeleza moja haikatizwi. Kifaa kinachotaka kuhudumiwa papo hapo, kama diski, kilibaki kusubiri. Waliiuliza Intel pia kama ingekubali kuirekebisha 80286, angalau katika namna inavyozungumza na kumbukumbu. Intel ikakataa. Na kwa nini ingekubali? Acorn ilikuwa mteja mdogo wa ng'ambo.

Wakati huohuo wakaanza kusoma makala za kitaalamu kutoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambako David Patterson na wanafunzi wake walikuwa wanahoji mtindo mzima wa kuunda prosesa. Hoja yao iliitwa RISC: punguza amri, zifanye fupi na za namna moja, kila moja imalizike upesi, na kazi nzito iachie programu izijenge kutokana na hizo ndogo. Wanafunzi wale walikuwa wameunda chipu ya kweli kwa njia hiyo, nayo ilikimbizana na za makampuni makubwa.

Oktoba 1983 Wilson na Furber wakasafiri hadi Arizona kuitembelea Western Design Center, kampuni ya Bill Mensch iliyokuwa inaandaa toleo jipya la 6502. Walitarajia majengo ya vioo na mitambo ya mamilioni. Walikuta nyumba ya kawaida ya kuishi, na vijana wa chuo wakichora sehemu za chipu kwa msaada wa kompyuta za Apple II. Safari hiyo iliwatoa hofu kuliko kitabu chochote. Kama chipu inaweza kuchorwa kwenye nyumba ya namna ile, hata Cambridge ingewezekana.

Hauser alizoea kusema baadaye kwamba aliwapa vitu viwili ambavyo Intel na Motorola hazikuwahi kuwapa wahandisi wao: ukosefu wa fedha na ukosefu wa watu. Ni mzaha wenye ukweli wa kiufundi ndani yake. Wilson alizipanga amri za chipu mpya, waliyoiita ARM, na kuzijaribu kwa programu aliyoiandika kwa BASIC, lugha ileile waliyokuwa wakifundishwa watoto wa shule kwenye BBC Micro. Furber akaandika kielelezo cha chipu nzima, nacho kwa BASIC, chenye mistari 808. Timu ndogo kiasi hicho isingeweza kuhakiki kitu tata, kwa hiyo kila kilichowezekana kuachwa kiliachwa.

Hata sifa iliyokuja kuitajirisha ARM, ya kutumia umeme kidogo, ilitokana na bei ya ganda. Chipu inayotoa joto jingi hufungwa kwenye ganda la kauri, ambalo ni ghali. Isiyozidi wati moja hivi inaweza kufungwa kwenye plastiki, na Acorn ilitaka plastiki. Kwa kuwa hawakuwa na zana nzuri za kukadiria joto kabla chipu haijatengenezwa, walibana kila mahali kwa tahadhari. Wakapitiliza: ilipotoka ilitumia takriban sehemu moja ya kumi ya wati.

Chipu za kwanza zilifika Cambridge tarehe 26 Aprili 1985, zimetengenezwa na VLSI Technology ya California. Zilipochomekwa kwenye bodi zikafanya kazi siku hiyohiyo, jambo ambalo si la kawaida kwa chipu mpya. Furber akataka kujua zinavuta umeme kiasi gani. Akaunganisha mita; ikasoma sifuri. Chipu inaendesha programu mbele ya macho yao, na mita inasema haitumii kitu. Walipochunguza wakaona kwamba kwenye bodi ile njia ya kuipelekea chipu umeme haikuwa imeunganishwa kabisa. Ilikuwa inajiendesha kwa umeme mdogo uliopenya kupitia miguu yake ya data kutoka kwenye saketi za jirani. Ilikuwa na transista kama 25,000. Miezi michache baadaye, Oktoba mwaka huohuo, Intel ilitoa 80386 yenye transista 275,000.

Ingekuwa hadithi ya kubuni, utajiri ungeanzia hapo. Acorn wakati huo ilikuwa hoi. Krismasi ya 1983 ilikosa mashine za kutosha za Electron, kompyuta yake ya bei nafuu ya nyumbani. Mwaka uliofuata zikaja kwa wingi wakati wanunuzi wamekwisha kupungua, zikalala ghalani. Februari 1985 Olivetti ya Italia ikanunua asilimia 49.3 ya hisa, na baadaye ikaongeza hadi kuimiliki kampuni. Inasimuliwa kwamba mazungumzo yalipokuwa yanaendelea, hakuna aliyewadokeza Waitaliano kuwa kuna chipu inaundwa. Archimedes, kompyuta ya kwanza kuuzwa ikiwa na ARM, ilitoka 1987 na kuzipita kwa kasi mashine nyingi za bei yake. Haikuisaidia sana. Mwenye ofisi hanunui kasi. Ananunua programu anazozijua, na programu hizo zilikuwa zimeandikwa kwa ajili ya IBM PC na chipu ya Intel iliyokuwamo. Mtu aliyeitazama Acorn mwaka 1989 angesema ARM imekufa, na asingelaumiwa.

Aliyeiokoa ni mshindani. Apple ilikuwa inaunda Newton, kompyuta ya kushikwa mkononi, na ilihitaji chipu isiyomaliza betri. Ilipenda ARM ila haikutaka kutegemea chipu iliyo mikononi mwa mtengeneza kompyuta mwingine. Suluhisho likawa kampuni mpya ya ARM, iliyosajiliwa Novemba 1990: Apple ikatoa pauni milioni 1.5, VLSI ikatoa pauni 250,000, na Acorn ikatoa chipu yenyewe pamoja na wahandisi 12. Ofisi yao ilikuwa ghala la shambani lililokarabatiwa, kijijini Swaffham Bulbeck, nje kidogo ya Cambridge. Robin Saxby, aliyewahi kufanya kazi Motorola, akaletwa kuwa bosi.

Kwangu mimi huyu Saxby ndiye anayestahili sifa kuliko anavyopewa. Kila mtu anasifu chipu. Biashara yake ndiyo iliyokuwa ngeni. Kampuni ile isingeweza kujenga kiwanda hata ingeuza ghala lile na shamba zima. Kwa hiyo iliamua kutouza chipu. Iliuza michoro. Mtengenezaji analipa ada ya leseni mwanzoni, kisha anatoa mrabaha wa senti chache kwa kila chipu anayoiuza. Mwenye leseni yuko huru kuongeza redio, kamera au chochote kando ya ARM, kwenye kipande kilekile cha silikoni, na kukitengeneza popote. Intel ilikuwa inafanya kinyume cha hayo yote: inachora yenyewe, inatengeneza kwenye viwanda vyake, na inauza chipu kwa bei inayolipia viwanda hivyo.

Newton ilitoka 1993 ikaanguka. Kama ARM ingekuwa imemtegemea mteja mmoja, nayo ingeanguka. Lakini mwaka huohuo Texas Instruments ilichukua leseni, na Texas Instruments ilikuwa inaiuzia Nokia chipu. Nokia ikaipenda ARM, ila ikalalamikia jambo moja: amri za ARM zilikuwa za biti 32 kila moja, na programu ya simu ikiandikwa hivyo ingehitaji kumbukumbu kubwa. Kwenye simu inayotengenezwa kwa mamilioni, kumbukumbu ni pesa. Wahandisi wa ARM wakaja na mbinu waliyoiita Thumb. Walichagua amri zinazotumika sana, wakaziandika upya kwa biti 16, na ndani ya chipu wakaweka saketi ndogo ya kuzirudisha kuwa za biti 32 wakati wa kutekelezwa. Programu ikapungua ukubwa kwa takriban theluthi moja. Chipu iliyobeba mbinu hiyo, ARM7TDMI, ilitoka 1994, ikaingia kwenye Nokia 6110 mwishoni mwa 1997, na kuanzia hapo ARM haikuhitaji tena kujitambulisha kwa watengeneza simu. Aprili 1998 hisa zake zikaanza kuuzwa London na New York. Apple, iliyokuwa na hali mbaya kifedha miaka hiyo, iliuza za kwake kidogo kidogo na kupata mamia ya mamilioni ya dola.

ARM haikuwa peke yake katika kuutamani umeme mdogo. Transmeta, iliyoanzishwa California mwaka 1995 na Dave Ditzel, ilitoa mwaka 2000 chipu ya Crusoe kwa ajili ya kompyuta za mapajani, na miongoni mwa waajiriwa wake alikuwamo Linus Torvalds, muasisi wa Linux. Huko Texas, Centaur, kampuni ya Glenn Henry, iliunda chipu ndogo za bei ya chini zilizouzwa hatimaye kwa jina la VIA. Wote wawili walikuwa na akili nyingi na wote walifanya kosa moja: walitengeneza chipu za kuendesha programu za Intel, katika mashine za aina ya Intel. Walikwenda kupigana uwanjani kwa mwenye uwanja. Mwaka 2003 Intel ikatoa Pentium M, iliyobana umeme vizuri, na habari ya Transmeta ikawa kama imekwisha. ARM ilinusurika kwa sababu ilikwenda ambako Intel haikuona faida ya kuifuata.

Sehemu ya historia hii inayoniuma, kama mtu anaweza kuumwa kwa niaba ya kampuni ya mabilioni, ni kwamba Intel ilikuwa na ARM mkononi. Kampuni ya Digital ilichukua leseni na mwaka 1996 ikatoa StrongARM, chipu ya ARM yenye kasi kubwa kuliko zote za ukoo huo kwa wakati wake. Mwaka uliofuata Digital na Intel zikapelekana mahakamani kuhusu hataza, na katika mapatano Intel ikanunua kiwanda cha Digital pamoja na StrongARM. Ikaiendeleza kwa jina la XScale, ikauzia watengenezaji wa vifaa vya mkononi, BlackBerry akiwa mmoja wao. Juni 2006 ikaiuza biashara hiyo kwa Marvell kwa dola milioni 600. Miezi saba baadaye Steve Jobs alipanda jukwaani na iPhone. Ndani yake mlikuwa na chipu ya ARM iliyotengenezwa na Samsung.

Paul Otellini, aliyekuwa mkuu wa Intel, alisimulia mwaka 2013 kwamba Apple ilikuwa imewafuata kwanza. Bei waliyoitaka ilikuwa chini ya gharama ambayo Intel ilikuwa imeikadiria, na hakuona namna ya kuifidia kwa wingi wa mauzo. Makadirio ya gharama yalikuwa na makosa, na mauzo yakazidi mara mia walichofikiri. Watu humcheka Otellini kwa hilo. Sioni kama ni haki. Mhasibu yeyote aliyezoea chipu inayouzwa mamia ya dola angemshauri vilevile.

Wakati hayo yanapita California, huku kwetu hesabu ilikuwa imekwisha kufungwa. Nokia 1100, iliyotoka 2003 ikiwa na tochi kichwani, ilikuja kuuzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Mtanzania aliiita kitochi. Betri yake ni ileile BL-5C inayokaa mpaka leo kwenye redio ndogo za sokoni, na ilikaa na chaji siku kadhaa. Kijijini ambako umeme haujafika, na ambako simu hupelekwa kwa kinyozi mwenye jenereta kuchajiwa kwa malipo, siku hizo kadhaa ndizo zilizofanya simu iwe kitu cha kumilikiwa. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya Machi 2007 ilikaa kwenye menyu ya laini, na ilihitaji tu simu ya namna hiyo. Sisemi ARM ndiyo iliyoleta M-Pesa. Nasema tu kwamba chipu ya kuvuta umeme mwingi isingefika kwa kinyozi yule.

Intel ilirudi mwaka 2008 na Atom, na kufikia Yolo ilikuwa inajaribu kila mlango. Chipu yenyewe haikuwa mbaya, na waliosema inakula betri kupindukia walikuwa wanarudia habari za zamani. Tatizo lilikuwa kwamba imechelewa. Programu nyingi za Android zilikuwa na sehemu zilizoandikwa moja kwa moja kwa amri za ARM, kwa hiyo simu ya Intel ilibidi izitafsiri wakati zinaendeshwa. Na kwa mtengeneza simu za bei ndogo, chipu za ARM kutoka kwa MediaTek ya Taiwan zilikuja zikiwa na redio na kila kitu katika kipande kimoja, kwa bei ambayo Intel haikuweza kuifikia bila kutoa ruzuku. Ikatoa ruzuku. Mwaka 2014 peke yake kitengo chake cha vifaa vya mkononi kilipata hasara ya dola bilioni 4.2. Mwaka 2016 ikafuta chipu zake mpya za simu janja na kuondoka.

Mwaka huohuo SoftBank ya Japani iliinunua ARM kwa pauni bilioni 24. Mwaka 2020 Fugaku, kompyuta kuu iliyojengwa Kobe kwa chipu za ARM, ikatajwa kuwa yenye kasi kuliko zote duniani, na Apple ikaanza kuiondoa Intel kwenye kompyuta zake za Mac. Nvidia ikataka kuinunua ARM kwa dola bilioni 40. Wadhibiti na wateja wakapinga, na mpango ukavunjika Februari 2022, kwa sababu kampuni iliyozaliwa ghalani ilikuwa imekwisha kuwa kitu ambacho dunia nzima inaogopa kukiona mikononi mwa mtengeneza chipu mmoja.

Na waliowahi kuipa wazo hawajalala. Berkeley, kulekule makala zilikotoka, kikundi cha Krste Asanović kilianza mwaka 2010 kuandika orodha mpya ya amri, Patterson akiwa miongoni mwao, na kikaiacha wazi kwa yeyote bila ada wala mrabaha. Inaitwa RISC-V. Mwaka 2018 ARM ilianzisha kampeni ya hadharani ya kuwatahadharisha wateja dhidi yake, ikaiondoa upesi baada ya wafanyakazi wake wenyewe kulalamika. RISC-V bado haijaingia kwenye simu kama prosesa kuu. Imeingia kupitia vitu vidogo. Fundi anayetaka kutengeneza kifaa cha kuwasha pampu ya maji kwa simu anaweza leo kununua ESP32-C3 ya Espressif, kampuni ya Shanghai, yenye Wi-Fi na Bluetooth, kwa dola chache. Ndani yake hamna Intel wala ARM.